Seli za kinga kwa CMV sugu: usizichanganye na "vipandisha kinga"

SWALI: Daktari, mume wangu alipandikizwa figo mwaka jana. CMV (kirusi cha saitomegalo) haishuki, na kipimo cha vinasaba kimeonyesha kirusi ni sugu kwa dawa ya valgansikloviri. Nasikia kuna tiba ya seli za kinga. Wakati tunaisubiri, kuna kituo kinauza sindano za seli shina na vidonge vya kupandisha kinga. Tuanze navyo?

JIBU: Msianze. Figo ya mumeo imekaa kwa sababu kinga yake imeshushwa makusudi. Anayeahidi kuipandisha yote kwa jumla anakaribisha figo kukataliwa. Haya nayakuta kliniki kila mara, na kwa kawaida mgonjwa ameshalipa.

Tiba uliyoisikia ni kitu kingine kabisa. Huchukuliwa seli T (seli za kinga zinazowinda virusi) zinazoitambua CMV tu, zikaongezwa maabara, kisha zikatiwa mshipani. Hutoka kwa mgonjwa mwenyewe au kwa mchangiaji mwenye HLA (alama za utambulisho juu ya seli) inayolingana naye walau kwa sehemu, maana seli T haikioni kirusi hadi vipande vyake vionyeshwe juu ya HLA inayoifahamu. Prednisoloni (dawa ya steroidi) ya dozi kubwa huziua seli hizo, kwa hiyo dozi yake hupangwa kwanza.

Zinasaidia? Katika utafiti wa Australia uliochapishwa 2018, wagonjwa 13 waliopandikizwa viungo walirudishiwa seli zao, na 11 walipata nafuu. Inatia moyo, ila hapakuwa na kundi la kulinganisha. Majaribio makubwa ya posoleucel, seli za jamii hiihii ila zinazolenga virusi kadhaa, kwa waliopandikizwa uboho, yalisitishwa Desemba 2023 kwa kukosa dalili za kufanikiwa. Basi hata tiba halisi bado inatafutiwa ushahidi, sembuse hiyo ya kituoni!

Kabla ya seli, muulize daktari wenu kuhusu dawa ya maribaviri, iliyoidhinishwa Marekani Novemba 2021 kwa CMV iliyoshindikana baada ya upandikizaji. Foskaneti, dawa nyingine ya CMV, nayo hufanya kazi, ila huumiza figo. Muulize pia kama mikofenolati, dawa ya kushusha kinga, inaweza kupunguzwa.

Kwa yeyote anayeuziwa "seli": muuzaji asiyeuliza HLA yako, kirusi chako wala dozi yako ya steroidi hana seli za CMV za kukupa. Vidonge navyo ni balaa. Mmea wa haiperikamu, kwa mfano, hushusha takrolimasi, dawa ya kuzuia figo kukataliwa, kwenye damu. Kama mumeo ameshavimeza, msione haya: pelekeni chupa kliniki, takrolimasi ipimwe mara moja.