GABA inapooza seli, inaizuia au inaituliza?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma baiolojia hapa Dar, natafsiri kipande kuhusu kemikali inaitwa GABA na kamba zinavyohisi. Nimeandika "GABA inapooza seli ya neva", mwenzangu anasema niandike "inazuia seli". Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Hiyo "inapooza" toa kabisa. Kupooza ni kile kinachompata mtu akipata kiharusi, mkono umelala haunyanyuki, na anayepooza ni mkono wenyewe, sio dawa inayoupooza. Labda ulitaka kupoza, kwa o moja, kama unavyopoza chai, hapo umesogea lakini bado.

Tuangalie kitu chenyewe maana neno linatoka huko. Kamba wa maji baridi, yaani wa mtoni na ziwani sio wa baharini, ana seli za neva kwenye misuli ya mkia, msuli ukivutika seli inapiga mapigo ya umeme kupeleka habari. Mwaka 1955 wanasayansi Kuffler na Eyzaguirre, kule Marekani, walionyesha kwamba ukichochea neva nyingine inayoishia kwenye seli hiyohiyo basi mapigo yanakatika hata kama msuli bado umevutwa, ukiacha kuchochea yanarudi. Neva hiyo inamwaga GABA, GABA inafungua vitundu vya kupitisha kloraidi, chembe za chumvi zenye umeme, kwenye utando wa seli, na umeme wa seli unashikiliwa karibu na pale unapokaaga ikiwa imepumzika, haufiki kiwango cha kupiga. Yaani seli ni nzima, haijafa haijalemaa, imetulizwa tu!

Ndo maana mimi nachagua kutuliza, watu washazoea dawa za kutuliza maumivu wanaelewa hapohapo. Mwenzako hajakosea, ila kuzuia kunadai umalizie, ukisema "inazuia seli" msomaji anabaki anajiuliza isifanye nini, isiende wapi? Sisi tunasema trafiki kamzuia dereva asipite, kitenzi cha pili kinakuja na -si-. Kwahiyo andika "GABA inaizuia seli isipige mapigo", hapo imekaa sawa. Lakini kemikali yenyewe usiiite kizuizi, mtu wa Dar akisikia kizuizi anaona geti la barabarani, iite kemikali ya kutuliza.

Halafu hiyo "kamba zinavyohisi" nakuomba sana urekebishe. Zile za kuanikia nguo ndo zinakatika na zinafungwa, hawa wanaouzwa pale soko la samaki la Feri ni viumbe, kamba wanavyohisi.