Karabini ya .22 inayojipakia: uchaguzi, shabaha na vumbi la Lubumbashi

Anayetafuta karabini (bunduki fupi) ya .22, yaani kipimo cha mtutu kwa inchi, nusu-otomatiki kwa ajili ya shabaha na wanyama wadogo huuliza kwanza jina la kampuni. Swali la kwanza liwe jingine: je, utaweza kuifungua mwenyewe mezani, kuisafisha na kuifunga tena bila kupoteza springi? Hapa Lubumbashi vumbi jekundu la kiangazi huingia popote, kisha Novemba mvua huanza na unyevu unakaa miezi. Bunduki ya aina hii huendeshwa na nguvu ndogo sana, na uchafu kidogo tu huimaliza nguvu hiyo.

Risasi ya .22 Long Rifle, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1887, haina fataki katikati ya kitako chake. Dawa ya kuwashia imo ndani ya ukingo wa ganda, na pini huubana ukingo huo mpaka dawa iwake. Baruti ikiwaka, kichwa cha risasi chenye uzito wa gramu 2.6 hivi huenda mbele, na ganda husukumwa nyuma. Katika karabini nyingi za aina hii bolti, chuma kinachoziba nyuma ya mtutu, haina kufuli. Inazuiwa na uzito wake na springi yake tu. Ganda huisukuma nyuma, ndoano hulitoa ganda nje, springi huirudisha bolti mbele ikiwa imesukuma risasi nyingine ndani ya chemba, yaani mwanzo wa mtutu risasi inapokaa. Hakuna pistoni wala gesi ya kusaidia. Mafuta mazito yakichanganyika na vumbi yanakuwa uji, bolti inachelewa, na mzunguko wote unakatika.

Karatasi zije kabla ya duka. Silaha na risasi nchini mwetu Kongo ziko chini ya ordonnance-loi (amri ya rais yenye nguvu ya sheria) namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, na uwindaji chini ya sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982. Kibali cha silaha si kibali cha kuwinda, na cha kuwinda si cha silaha. Uliza kabla ya kulipa pesa kama kibali chako kinakubali bunduki inayojipakia. Ndani ya mbuga za Upemba na Kundelungu huwindi kabisa.

Sasa bunduki zenyewe. Chaguo letu la kwanza ni Ruger 10/22, iliyotoka mwaka 1964. Ina uzito wa kilo 2.3 hivi, na magazini yake ya risasi 10 inazunguka kama gurudumu na kuingia yote ndani ya kitako bila kuchomoza. Risasi za .22 zina ukingo, na ukingo mmoja ukikaa nyuma ya mwingine zinakwama. Gurudumu hilo hutenga kila risasi katika nafasi yake, ndiyo maana inalisha vizuri. Vipuri vyake ni vingi kuliko vya karabini nyingine yoyote ya .22. Lakini lijue hili: modeli ya kawaida haiachi bolti wazi baada ya risasi ya mwisho. Bolti imefunga, magazini ni tupu, na wewe huna alama ya kukuambia. Hesabu risasi zako.

Marlin Model 60, ya mwaka 1960, ni nyepesi kwa bei na mtutu wake hulenga vizuri sana. Risasi hukaa katika bomba refu chini ya mtutu. Bomba hilo ndilo udhaifu wake: likibonyea kwa kugongwa ndani ya gari, risasi hazishuki tena. Sehemu ya kulisha ina springi ndogo nyingi, na anayeifungua mara ya kwanza aweke kitambaa cheupe mezani na apige picha kila hatua. Kwa anayelenga kwenye makopo na karatasi tu, inatosha kabisa.

Browning SA-22 ni ya mapenzi. John Browning aliibuni, na kiwanda cha FN cha Herstal, Ubelgiji, kilianza kuitengeneza mwaka 1914. Tangu miaka ya 1970 hutengenezwa Japani na Miroku. Inakatika vipande viwili bila chombo chochote, risasi 11 zinaingia ndani ya kitako, na maganda yanatoka chini, si ubavuni, kwa hiyo mwenye mkono wa kushoto hapigwi usoni. Ukirithi moja ya mzee wako, soma kwanza maandishi kwenye mtutu: nyingine zilitengenezwa kwa .22 Short, na hizo hazipokei Long Rifle. Kisha angalia mahali mtutu unapoungana na mwili. Pakitikisika, kuna pete ya kukazia iliyowekwa kwa kazi hiyo. Ikikazwa kidogo kidogo mtikisiko unaisha. Darubini yake ifungwe juu ya mtutu, si juu ya mwili, la sivyo kila ukiitenganisha bunduki shabaha inahama.

Ukishaipata, usinunue sanduku la risasi (masasi, kama tunavyosema hapa) 500 za aina moja. Nunua pakiti za 50 za aina tatu au nne. Kila mtutu wa .22 una risasi unayoipenda, na hakuna anayeweza kukuambia ni ipi kabla hujapima. Weka bunduki juu ya mfuko wa mchanga, karatasi iwe mita 50, piga makundi manne ya risasi tano kwa kila aina, pima upana wa kila kundi kwa rula. Karabini ya kiwandani isiyobadilishwa ikiweka kundi la sentimita 3 au 4, hiyo ni nzuri. Ukibadilisha aina ya risasi, tupa makundi mawili ya kwanza kabla ya kuhukumu, kwa sababu nta ya risasi ya zamani bado imo ndani ya mtutu.

Kasi nayo ina maana. Risasi ya kasi ya kawaida hutoka kwa mita 325 hivi kwa sekunde, chini ya mwendo wa sauti. Ya kasi kubwa hufika 370 na zaidi. Watu hudhani ile ya haraka husukumwa kidogo na upepo, lakini kwa .22 ni kinyume, kwa sababu kushuka kutoka juu ya mwendo wa sauti kunaipotezea risasi kasi nyingi njiani. Kwa karatasi, chagua ya kawaida. Lakini bunduki nusu-otomatiki yenye springi ngumu inaweza kukataa kujipakia na risasi dhaifu. Ikikataa hata ikiwa safi, panda kwenye ya kasi kubwa, usikate springi.

Mahali pa kupigia pachaguliwe kwa makini kuliko bunduki. Risasi hii ndogo inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu. Vichuguu vyetu vikubwa vya mchwa vinavutia kama ukuta wa kuzuia, lakini katika kiangazi udongo wake umekauka kama tofali, na risasi ya plomo (madini ya risasi) ikigonga kitu kigumu kwa pembe inaruka kwenda usipopajua. Kichuguu kitumike tu ukiwa umerundika mbele yake udongo laini usio na mawe, unene wa mita moja, juu kuliko karatasi kwa mita moja na nusu. Angalia nyuma yake pia: mara nyingi kuna shamba la mtu au njia ya wachoma makaa. Na masikio yafunikwe. Mlio wa .22 unaonekana mdogo, lakini ukirudiwa mara 200 kwa asubuhi moja unaharibu usikivu.

Kurekebisha darubini, anza mita 25, umalizie mita 50. Darubini nyingi husogeza milimita 3.6 kwa kila kliki ya skrubu yake katika mita 50, na nusu yake katika mita 25. Kundi likiwa sentimita 4 chini ya alama katika mita 50, ni kliki 11 kwenda juu. Piga risasi tano, tafuta katikati ya kundi, ndipo uguse skrubu. Anayerekebisha baada ya kila risasi moja anafukuza makosa ya mikono yake. Ukiiweka sawa mita 50, kwa mita 75 itashuka sentimita 6 au zaidi kidogo, na kwa mita 100 kati ya 15 na 20. Umbali ukiongezeka nusu tu, kichwa cha kanga hakipo tena mahali ulipolenga.

Kwa hiyo katika uwindaji mpaka wetu ni mita 50. Sungura, kwale, kanga: wanafaa, kichwani au mbele ya kifua, mnyama akiwa ametulia. Nsya na wengine wa ukubwa huo hawafai. Risasi ya gramu 2.6 humjeruhi akaenda kufia vichakani siku ya pili, na hilo ni dhambi ya mwindaji. Kanga jioni hupanda mtini kulala, na hapo ndipo kishawishi kilipo. Usipige kitu kilicho kwenye tawi mbingu ikiwa nyuma yake. Risasi ikikosa, inashuka kijijini. Na kwa sababu bunduki inajipakia yenyewe, baada ya kila mlio chemba ina risasi nyingine tayari: kidole kitoke kwenye kifyatulio, sefti (kizuizi cha kifyatulio) iwekwe, ndipo unyanyue mguu.

Kuondoa risasi kuna mpangilio wake, na ukiugeuza unaua mtu. Kwanza toa magazini. Kisha vuta bolti nyuma, mara mbili au tatu. Kisha tazama ndani ya chemba na uiguse kwa kidole. Anayevuta bolti kabla ya kutoa magazini anatoa risasi moja na kuingiza nyingine. Kwa zile za bomba chini ya mtutu, kama Marlin, chomoa bomba la ndani lote, inamisha mtutu chini, halafu endelea kuvuta bolti hata baada ya kuona hakuna kinachotoka: risasi ya mwisho hupenda kubaki katika mdomo wa kulishia.

Ikigoma, soma ganda. Ganda lililobanwa limesimama wima kwenye dirisha la kutolea maganda ni bolti iliyokosa nguvu: uchafu, mafuta mengi, risasi dhaifu. Ganda lililobaki ndani ya chemba ni ndoano iliyochakaa au iliyojaa masizi. Risasi iliyopinda pua kabla ya kuingia ni magazini chafu au haijafungwa mpaka mwisho. Pini imegonga na hakuna mlio? Mtutu ubaki umeelekea tuta, hesabu sekunde 30, ndipo uitoe. Dawa ya ukingoni mara nyingine haikuenea sawasawa kiwandani, hivyo risasi moja kati ya mamia inaweza kukataa, usiirudishe ndani. Mlio ukiwa mdogo kuliko kawaida, simama kabisa, toa kila kitu, pitisha ufito kwenye mtutu. Risasi iliyokwama humo ikifuatwa na nyingine hupasua mtutu.

Usafi: kila baada ya risasi 300 hivi, wakati wa kiangazi 200. Kwa 10/22, ikiwa tupu, weka sefti katikati, fungua skrubu iliyo mbele ya nafasi ya magazini na ile ya pete ya mtutu kama ipo, nyanyua kuanzia mbele. Sukuma pini mbili za mwili, kifyatulio kinashuka chote pamoja. Toa pini nene ya nyuma, vuta bolti, inatoka. Sugua uso wa bolti, ndoano na mfuo wake kwa mswaki wa zamani, futa kwa kitambaa. Mafuta: tone moja kila upande wa bolti, lipakwe kwa kidole mpaka lisionekane. Magazini haipati mafuta kamwe. Mtutu unahitaji kidogo kuliko watu wanavyofikiri, kitambaa kikavu mara mbili tatu, lakini chemba isuguliwe kila mara kwa sababu masizi hujenga pete pale mdomo wa ganda unapoishia. Kamba ya kuvuta ni bora kuliko ufito wa chuma, maana 10/22 husafishwa kupitia mdomoni na ufito unakwangua ukingo wa mwisho wa mtutu, na huo ndio unaoelekeza risasi. Ukirudisha skrubu, ikaze kwa mkono mmoja tu, bisibisi ileile kila mara. Ikilegea kwa mtikisiko wa njia ya vumbi, makundi hupanuka na utailaumu darubini bure. Ukifika, piga risasi tatu za kuhakikisha kabla ya kuwinda. Plomo ni sumu: osha mikono kwa sabuni kabla ya kushika bukari (ugali).

Mvua zikianza, toa bunduki kwenye mfuko wa ngozi au wa sponji siku hiyohiyo unaporudi, kwa sababu mfuko hunywa maji na kuyarudishia chuma. Ifute, isimame kabatini chini ya kufuli, risasi zikae kwenye kabati jingine lenye kufuli lake. Zihifadhi katika chombo cha plastiki kinachofunga sawasawa, mbali na dirisha, kamwe zisikae ndani ya gari linalopigwa na jua: nta huyeyuka, na kichwa cha .22 hakikushikwa kwa nguvu ndani ya ganda. Wala usizinyunyizie mafuta ya kulegeza kutu. Hupenya mpaka kwenye ukingo na kuiua dawa ya kuwashia, na utagundua pini ikishagonga.