Kabla hujalipa karo ya saikolojia mjini: majibu kwa wasomaji wa Lamu na Malindi

Binti yangu amepata B- na anataka kusomea saikolojia Nairobi. Chuo kimoja kimempigia simu, kinasema nafasi zitakwisha Ijumaa. Nilipe?
*Mama, Muyeye, Malindi*

Usilipe kwanza, mama. Ingia tovuti ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, uangalie mambo mawili: kama chuo kimesajiliwa, na kama kozi yenyewe imeidhinishwa. Wazazi wengi huishia kwenye la kwanza. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa kwa ualimu na biashara, ilhali kozi yake ya saikolojia bado haijapita. Linganisha jina la kozi neno kwa neno na lile lililo kwenye barua aliyopewa. Saikolojia na ushauri nasaha ni kozi mbili. Yakitofautiana, mtake msajili aeleze kwa maandishi.

Haya si makaratasi tu. Tangu 2014 Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia, na anayetaka kuifanya kazi hiyo hutakiwa kusajiliwa na bodi yake. Cheti cha kozi isiyotambulika kitamkwamisha pale, baada ya miaka 4 na karo yote hiyo. Alama zake zinatosha, kwa kuwa kiwango cha chini cha shahada ni C+. Basi Ijumaa isimtishe. Na siku ya kulipa, pesa ziende akaunti ya chuo, zisiende kwa namba ya simu ya mtu.

Mwaka jana kozi niitakayo ilichukua hadi pointi 30. Mimi nina 29.4. Niiache?
*Mwanafunzi, Mokowe*

Usiiache. Ile 30 ni pointi za mtu wa mwisho aliyeingia mwaka jana, na kila mwaka hupanda au kushuka kwa kutegemea walioomba. Pointi hizo, ziitwazo za klasta, hutokana na masomo 4 yanayohusu kozi na upeo wake ni 48. Kwenye orodha ya maombi yako iweke kozi hiyo juu, kisha chini yake weka moja ambayo pointi zako zinaipita kwa mbali. Wanaokosa kabisa ni wale wanaojaza kozi za juu tupu.

Hesabu ilinishinda. Saikolojia ina hesabu?
*Kijana, Gede*

Ina takwimu, nayo haikwepeki. Soma masharti ya masomo ya kila kozi kwenye tovuti ya KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo, maana vyuo havilingani. Lakini si hesabu ya kutisha. Chukua watu watano wanaolala masaa 4, 5, 6, 7 na 8: wastani ni 6. Wengine watano wote wamelala masaa 6: wastani ni 6 vilevile. Kuna tofauti gani basi? Katika kundi la kwanza yuko anayelala masaa 4, na huenda huyo ndiye mwenye shida. Takwimu hupima huko kutawanyika. Ukilielewa hilo, fomula utaizoea.

Nimekubaliwa Nairobi na Mombasa. Kupi bora?
*Mwanafunzi, Langoni, Lamu*

Mji uweke kando, uliza atachimenti, yaani mafunzo ya vitendo kazini. Piga simu idara ya saikolojia yenyewe. Wanafunzi wa mwaka jana walipelekwa wapi? Nafasi hutafutwa na chuo au na mwanafunzi? Mwalimu huenda kuwatazama mara ngapi? Idara iliyo hai hujibu papo hapo, ikitaja hospitali na shule. Ukiambiwa "tutaona ukifika", ujue utahangaika peke yako.

Nairobi kuna Mathari, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, lakini wanaoigombea ni wengi. Mombasa kuna Coast General na Port Reitz. Kwa shahada ya kwanza, kama idara zote mbili zimejibu vizuri, tungechagua Mombasa: gharama ni nafuu na nyumbani si mbali. Hata likizo unaweza kuomba nafasi huku, kwa mfano Omari Project ya Malindi, iliyoanza kuhudumia waraibu wa heroini mwaka 1995. Omba miezi 3 kabla, ukiwa na barua ya chuo na bima ya ajali.

Wengi huangushwa na kitabu cha atachimenti. Kila siku huandikwa tarehe, saa ya kuingia na kutoka, kazi uliyofanya, na msimamizi hutia sahihi. Mwanafunzi hungoja wiki ya mwisho, akute msimamizi kahamishwa, na masaa yote yakataliwe. Chukua sahihi kila wiki. Jina la mgonjwa usiliandike kamwe.

Akimaliza ataweza kuandika dawa?
*Baba, Witu*

La. Dawa huandikwa na daktari wa magonjwa ya akili, aliyesomea udaktari kwanza. Mwanasaikolojia hupima na kutibu kwa mazungumzo. Akitaka kuwatibu wagonjwa hospitalini, kwa kawaida itambidi asome shahada ya uzamili.

Tunatoka Faza, hatuna jamaa Nairobi. Tujitayarishe vipi?
*Mzazi, Faza*

Muhula wa kwanza mtafutieni hosteli ya chuo. Chumba cha nje hutaka kodi na dipoziti pamoja: kodi ikiwa 8,000, siku ya kuingia ni 16,000, bado godoro na jiko. Msitume hata shilingi kwa chumba mlichokiona kwenye picha tu.

Alale Mombasa, apande treni ya asubuhi kutoka Miritini ili afike kungali mchana. Tangu Januari 2024 daraja la kawaida ni shilingi 1,500, na tiketi ikatwe mapema. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, sweta na blanketi nzito ni lazima. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na karatasi za matokeo akae nazo mkononi, zisiingie kwenye buti ya basi.