Wasomaji Wanauliza: Mwalimu akifungwa, ualimu wake unafutwa na nani?

SWALI: Mwalimu wa shule ya serikali huku kwetu amehukumiwa miaka 30 kwa kumbaka mwanafunzi, na tunasikia amekata rufaa. Hukumu yenyewe inamfuta ualimu, au akitoka anarudi darasani?
Mjumbe wa kamati ya shule, Arusha

JIBU: Ndugu mjumbe, hukumu inampeleka gerezani, basi. Kazi yake ni jambo la pili na usajili wake kama mwalimu ni la tatu, na kila kimoja kina ofisi yake. Wengi huvichanganya, na hapo ndipo mtu anapopenya.

Tuanze na kazi. Walimu wa shule za msingi na sekondari za serikali wako chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, TSC, iliyoundwa kwa sheria ya 2015 kuchukua nafasi ya idara ambayo wazee bado wanaiita TSD. Makosa madogo humalizwa na mkuu wa shule. Makubwa huenda kwenye kamati ya wilaya. Mwalimu akishatiwa hatiani na mahakama, kamati hailazimiki kuita mashahidi upya. Inasoma hukumu na mwenendo wa kesi, kisha inatoa adhabu, na kwa kosa kama hilo inayotarajiwa ni kufukuzwa kazi. Asiyeridhika hukata rufaa kwa Tume, Dodoma, na kutoka hapo kwa Rais.

Usajili ni habari nyingine. Sheria ya Elimu ya 1978 hairuhusu mtu kufundisha bila kusajiliwa au kupewa leseni, na kwa sheria hiyo mwenye daftari alikuwa Kamishna wa Elimu, kabla ya sheria ya 2018 kuunda Bodi ya Kitaalamu ya Walimu kwa kazi ya kuwasajili. (Mitaani kila kitu huitwa leseni, lakini kwa sheria ya 1978 leseni ilikuwa ya yule asiyetimiza sifa za kusajiliwa.) Kwa hiyo mtu anaweza kufukuzwa serikalini huku jina lake likiwa bado kwenye daftari, na shule binafsi iliyo mbali ikampokea kwa mikono miwili.

Tatizo kubwa ni karatasi. Faili la kesi liko mahakamani, faili la mwalimu liko TSC wilaya, na mafaili hayatembeleani. Chukueni namba ya kesi, mwende masjala ya mahakama iliyotoa hukumu, mwombe kwa barua nakala ya hukumu iliyothibitishwa kwa muhuri. Iambatanisheni na barua ya kamati yenu ya shule yenye majina matatu ya mwalimu, shule, namba ya kesi, kosa, adhabu na tarehe ya hukumu. Nakala moja iende TSC wilaya, moja kwa mkurugenzi wa halmashauri, moja kwa Mthibiti Mkuu Ubora wa Shule wa wilaya (zamani mkaguzi), mkimwomba aifikishe kwa wanaotunza daftari la walimu. Kila mnapoacha barua, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Jina la mtoto lisiandikwe popote.

Linganisheni majina kabla ya kuondoka masjala. Hukumu ikiandika jina la utani, au majina mawili tu, na cheti cha ualimu kina matatu, barua inaweza kukaa mezani miezi kwa kuwa hakuna anayethubutu kusema ni mtu yuleyule.

Kuhusu rufaa: kusudio la kukata rufaa kwenda Mahakama Kuu hutolewa ndani ya siku 10, na sababu za rufaa ndani ya siku 45, bila kuhesabu siku za kusubiri nakala. Rufaa haifuti hukumu. Inabaki halali mpaka itenguliwe. Ila itajeni kwenye barua, maana TSC watataka kujua shauri limefika wapi.

SWALI: Mwalimu amefanya mapenzi na mwanafunzi. Wazee wa ukoo wamekaa na wazazi wa binti, faini imelipwa, kesi haikufika polisi. Mwalimu anadai bila hukumu hagusiki.
Mama mlezi, Monduli

JIBU: Mama, anajidanganya. Kumwingilia msichana aliye chini ya miaka 18 ni ubakaji hata akisema alikubali, na tangu marekebisho ya 2016 kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kifungo cha miaka 30. Hakuna kikao cha ukoo chenye uwezo wa kulifuta kosa hilo. TSC nayo haihitaji hukumu ili kuanza. Mapenzi na mwanafunzi ni kosa la nidhamu linalojitegemea. Peleka taarifa dawati la jinsia na watoto la polisi, na nyingine kwa mkuu wa shule kwa maandishi.

SWALI: Mume wangu ni mwalimu, yuko mahabusu kwa kesi ambayo naamini atashinda. Nifanye nini asipoteze kazi kabla ya hukumu?
Mke wa mwalimu, Moshi

JIBU: Dada, wengi hapa huponzwa na utoro, kesi yenyewe ikiwa bado mbichi. Kutokuwepo kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa kunatosha kumfukuzisha mtu. Andika barua kwa mkuu wa shule wiki hiihii, ambatanisha hati ya mashtaka, nakala TSC wilaya.

Kesi ikiisha, soma vizuri imeishaje. Kuachiwa huru baada ya ushahidi kusikilizwa ni kitu kimoja. Mashtaka kuondolewa na upande wa serikali ni kingine, kwa sababu yanaweza kurudi. Mahakama ya rufaa ikiagiza kesi isikilizwe upya, hapo pia hajashinda. Na hata akishinda kweli, mshahara haurudi wenyewe: andikeni kuomba arejeshwe, mkiambatanisha hukumu.

SWALI: Nina shule ya mchepuo wa Kiingereza na naajiri walimu kutoka Kenya. Nitajuaje kama mmoja wao alifutwa huko?
Mmiliki wa shule, Moshi

JIBU: Swali zuri, maana kutoka Holili, mpakani kwetu, hadi Taveta upande wa Kenya ni hatua chache. Kenya nao wana TSC, lakini yao inasajili walimu wote, wa serikali na wa binafsi. Sheria yao ya 2012 inaiagiza kumfuta aliyetiwa hatiani kwa kosa la ngono au kosa dhidi ya mwanafunzi, na majina ya waliofutwa hutangazwa hadharani. Dai namba yake ya TSC, uilinganishe na kitambulisho, kisha utafute jina kwenye orodha ya waliofutwa. Dai pia cheti cha tabia njema kutoka upelelezi wa Kenya, kilichotolewa karibuni. Cha miaka mitatu iliyopita hakikuambii kitu. Kibali cha kazi na cha ukaazi vinathibitisha kwamba ameruhusiwa kufanya kazi nchini, visikutoshe kama uchunguzi wa tabia.

Kwa Mtanzania, piga simu shule aliyotoka, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe. Ile iliyoandikwa kwenye barua ya maombi inaweza kuwa ya shemeji yake. Uliza jambo moja tu: mngemwajiri tena?