Kabla hujaongeza busti kwenye injini ya Subaru EJ20 ya kiwandani, soma yaliyonikuta mlima Kitonga

Jumapili usiku nimepata meseji ya kijana mmoja yuko Mwanza, kaanza na shikamoo kaka halafu akaingia moja kwa moja: ana Subaru Forester XT kama niliyokuwa nayo mimi, injini haijawahi kuguswa, na kuna fundi kamwambia kwa laki nne anaifikisha nguvu ya farasi 320, je itabeba? Nimekaa na hiyo meseji siku mbili. Swali hilohilo niliwahi kuwauliza watu mwaka 2019, wote wakanijibu kwa namba, na mimi nikaiamini namba.

Gari yangu ilikuwa SG5 ya 2004, EJ20 ya tabo, kiwandani imeandikwa farasi 220. Nilidunduliza miaka mitatu kuipata. Niliipenda jamani, kila Jumamosi naiosha mwenyewe, hakuna mtoto anaruhusiwa kula ndani. Sasa ukikaa na watu wa Subaru utasikia injini hii haina shida mpaka farasi 300, na hilo si uongo, wengi wanaoijua vizuri wanaishia hapohapo. Nikapelekwa kwa fundi (simtaji, yeye anajijua), akachomeka laptop, akaingiza kwenye kompyuta ya injini faili la mipangilio alilotoa kwenye gari nyingine, busti (presha ya hewa ambayo tabo inasukumia injini) ikatoka baa 0.9 mpaka 1.3, tukaenda kujaribu barabarani usiku na kwa kweli gari ilikuwa inakubandika kwenye siti. Nikalipa nikaondoka nacheka peke yangu.

Miezi mitatu Dar hakuna tatizo lolote. Na hapa ndo naomba mnisikilize vizuri, maana hii miezi mitatu ndo inawadanganya wengi. Mjini unakanyaga mpaka mwisho sekunde 5, sekunde 6, mbele kuna foleni unaachia, injini inapoa. Ulichojaribu ni sekunde sita tu.

Desemba tukaenda nyumbani Mbeya, mimi, mama watoto, watoto wawili, mizigo mpaka juu ya keria. Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu, jua la saa nane, tukaanza kupanda Kitonga nyuma ya malori. Ukiwa nyuma ya lori gari inatembea taratibu lakini injini inafanya kazi nzito, na kwenye Forester intakula (kile kipoza hewa inayotoka kwenye tabo) imekaa juu ya injini kabisa, inategemea upepo unaoingia kwenye lile tundu la boneti. Upepo hakuna. Hewa inayoingia kwenye silinda ni ya moto, halafu nikiona nafasi nakanyaga nipite, busti 1.3 yote inakuja kwenye hewa hiyo ya moto. Nikaanza kusikia kama changarawe kwenye kopo. Mama watoto akauliza ni nini hicho, nikamwambia ni bati la eksozi limelegea, nikaendelea kukanyaga. Kona mbili mbele gari ikaanza kumisi, moshi wa bluu nyuma, oili imerushwa kupitia kijiti cha kupimia.

Tulikaa pale na watoto mpaka giza likaingia. Mpaka leo nikipita ile kona nanyamaza.

Iringa mjini injini ikafunguliwa: pistoni ya silinda ya nne, ule ukingo kati ya ringi ya kwanza na ya pili umemeguka, kipande kimechana ukuta wa silinda. Ile changarawe ilikuwa ni noki, yaani mafuta yanajilipukia yenyewe badala ya kuungua kwa mpangilio kutoka kwenye plagi, presha inapiga pistoni kama nyundo, na pistoni za EJ20 ni za kumimina, zinahimili joto la kawaida vizuri lakini nyundo haziwezi. Nikampigia yule fundi akaniambia gari ilikuwa mbovu tangu Japan. Baada ya hapo simu hakupokea tena.

Kwa hiyo mdogo wangu, ukiniuliza farasi ngapi nakuuliza kwa dakika ngapi, kwenye joto gani, kwa mafuta gani. Hii gari Japan inatumia petroli ya premium, kwa kiwango chao haishuki oktani 96 na vituo vingi wanauza 100. Mimi nilikuwa naweka chochote cha kituo cha karibu. Ukikanyaga mpaka mwisho injini ya tabo inataka mchanganyiko mzito, kama 11 za hewa kwa 1 ya mafuta, yale mafuta ya ziada ndo yanaipoza, sasa ukiongeza hewa huku pampu na injekta ni zilezile za miaka 15 mafuta yanapungua, na hakuna taa ya dashi itakayokuambia kwa wakati. Lazima mtu afunge kifaa kwenye eksozi asome mchanganyiko. Wangu hakufunga chochote.

Na msiniletee habari za 2JZ, injini ya Toyota Supra. Ile bloku ni chuma cha kusubu, Toyota waliiandika farasi 280 kwa sababu viwanda vya Japan vilikubaliana kutovuka hapo mpaka 2004, uwezo waliuacha ndani, ndo maana watu wanaifikisha 600 bila kugusa pistoni wala bloku. EJ20 bloku ni aluminiamu, pistoni kipenyo milimita 92. Ni injini nzuri sana, naitetea popote, ila akiba yake ni ndogo na lazima uiheshimu. Vijana heshimuni mashine. Pesa ya kuongeza farasi mnayo, ya kupima mnasema hamna!

Sasa hivi natumia injini nyingine ya mtumba, busti ya kiwandani, intakula nimeitoa nikaisafisha oili yote ndani, petroli naweka bora, na Kitonga nimepanda mara nne ikiwa imejaa mizigo. Sikimbizani na mtu. Kilomita 40,000 nimetimiza mwezi uliopita na najivunia hiyo kuliko farasi wote.

Wewe wa Mwanza, hiyo laki nne usimpe mtu bado. Nenda kapimishe kompresheni (presha ambayo pistoni inabana kwenye silinda) silinda zote, injini ikiwa ya moto, dakika arobaini kazi imeisha. Yangu ilipopimwa Iringa ilisoma psi 145, 150, 140, na ya nne 60, na sikuwahi kupima hata siku moja kabla ya kuongeza busti kwa hiyo sijui nilianza na ngapi. Nitumie namba zako nne, tutaongea.