Kitabu cha hadithi usikifunike kwa kaki

Shule zikifungua Januari, wazazi hapa Moshi tunanunua karatasi za kaki na nailoni, jioni tunakaa sebuleni kufunika madaftari na vitabu. Kwa vitabu vya kiada sina ugomvi, vinadumu. Kitabu cha hadithi kiacheni. Kama mnahofia kitachakaa, tumieni nailoni inayoonyesha, ili jalada libaki wazi.

Jumamosi huwa nasoma na watoto wa mtaani kwetu Pasua. Kabla hatujafungua kitabu nawauliza: huyu pichani ni nani, ana hasira na nani? Wanabishana kwelikweli, kisha kila mmoja anasoma kwa hamu ajue nani alipatia. Tukimaliza tunarudi jaladani. Kuna kitabu mchoraji alikuwa amemchora fisi kakenua meno, macho mekundu. Watoto wote walishamhukumu fisi kabla hajasema neno, na ndani kumbe ndiye aliyeonewa. Siku hiyo tulijadili picha kuliko hadithi yenyewe, na nilifurahi sana.

Wachapishaji wanaijua nguvu hii. Harry Potter ya kwanza ilipotoka Uingereza mwaka 1997, mwandishi Joanne Rowling aliombwa aweke herufi za mwanzo badala ya jina, kwa hofu kwamba wavulana wangekikwepa kitabu cha mwanamke. Mwaka 1998 likaja toleo la watu wazima lenye jalada la picha ya treni, hadithi ile ile.

Kwetu yapo maandishi ya "Darasa la Tatu" pale mbele. Mtoto wa darasa la sita anayesoma kwa kusitasita hatakishika kitabu hicho mbele ya wenzake, hata kama ndicho kinachomfaa. Huyo mfunikie kaki, tena haraka.

Maswali ya kurasa za mwisho yarukeni. Mtoto akishajua yapo, anasoma akitafuta majibu tu, anaipita hadithi. Badala yake mpeni karatasi na penseli za rangi achore jalada lake mwenyewe, na nyuma aandike sentensi mbili za kumvutia mwenzake. Mkiona amemweka nani katikati na nani amemwacha nje, mtajua alivyoielewa hadithi, na hapo ndipo pa kuanzia mazungumzo.