Mke kapata kazi Uingereza, mie nikafuata

Kila nikija nyumbani likizo nikikaa baraza pale ukingoni lazima mtu aniulize, ati wewe uliwezaje kumfuata mke? Wanalitamka hivo, kumfuata, kama vile nilimkimbilia nyuma na kikoi mkononi. Mie huwajibu, kwani hapa Amu, yaani Lamu, nani asiyemfuata mke? Tangu zamani nyumba hupewa mtoto wa kike na mume ndiye anayehamia na sanduku lake, babangu alihamia kwa kina mama na babu kabla yake vilevile, tofauti yangu ni kwamba nyumba ya mke wangu ilikuwa Leicester, huko Uingereza. Wanacheka, kahawa inamiminwa, yanaisha.

Lakini juzi kuna kijana wa mtaa wa Langoni kanijia karakana, mkewe nesi, na kwenye simu ana barua ya ofa, kanambia kaka nisomee halafu uniambie niende au nisiende. Nilikaa naye tangu laasiri mpaka adhana ya maghrib na bado sikummalizia. Bas nikaona niandike, manake najua hayuko peke yake.

Mie fundi wa mashine za boti. Nimejifunza kwa ami yangu tangu niko darasa la saba, na Yamaha 40 naweza kuifungua na kuifunga giza totoro. Mke wangu nesi, alikuwa hospitali ya serikali. Mwaka 2017 manesi wa kaunti waligoma nchi nzima miezi mitano, Juni mpaka Novemba, mshahara hakuna, na nyumba ikawa inakula kutoka kwa kabureta za watu. Nadhani ni pale ndipo alipoanza kuangalia nje, ingawa hakunambia kitu.

Ofa ya kwanza ilikuwa ya Ghuba, 2019. Mshahara mara tatu ya wa hapa, lakini kontrakti ya mtu mmoja, yaani aende peke yake, alale hosteli ya wafanyakazi, tikiti ya kurudi baada ya miaka miwili, na mtoto wetu wa pili alikuwa hata hajaanza kutembea. Nikasema la. Shangazi zake wakanisema mwaka mzima kwamba nimemkata mwenzangu riziki, na mie najibu mtoto, mtoto, mtoto. Saa hizi naweza kusema ukweli, mtoto alikuwa nusu tu ya sababu. Nusu nyingine nilikuwa naogopa mshahara wake. Kama na wewe una hiyo nusu ndani yako itoe uiangalie kabla hamjaongea lolote, manake isipotolewa itakaa nyuma ya kila hoja unayoleta na mke ataisikia hata kama hujaitaja.

Ofa ya pili haikuja hivihivi. Julai 2021 Kenya na Uingereza walitia saini mkataba wa wahudumu wa afya, akaanza kusoma. Mtihani wa Kiingereza, IELTS, kwa nesi wanataka 7 kila sehemu, kuandika ndio wanakubali 6.5, na mara ya kwanza kuandika akapata 6. Akarudi kusoma darini usiku watoto wamelala, simu imechomekwa chaji, mbu wamemjaa, mie nampelekea chai. Nilipomuona vile nikajua safari hii sina pa kusema la. Na kwa kweli hii ofa ilikuwa kitu kingine kabisa, viza yenyewe ya wahudumu wa afya inaruhusu nesi kuja na mume na watoto, mume anaruhusiwa kufanya kazi, na ile ada ya matibabu ambayo wageni wengine hulipa kwa kila mwaka wa viza nyinyi hamlipi. Kwa hivo mtu akikwambia "mke kapata kazi nje" usiulize nchi kwanza, uliza karatasi inasema nini juu yako wewe usiyeitwa.

Na kanuni zenyewe hazikai. Machi 2024 Uingereza walizuia wale wa kazi ya kulea wazee kuja na familia zao, nesi akabaki anaruhusiwa, lakini kuna watu nawajua walikuwa wameshaaga mtaa mzima. Usiuze kitu kwa kanuni ya mwaka jana.

Nikisema kuuza, hapa nina lawama na lawama ni yangu. Mie na watoto tulikuwa tuonyeshe pesa benki, pauni 285 za mume, 315 mtoto wa kwanza, 200 wa pili, jumla 800, zikae siku 28 bila kuguswa. Nikauza jenereta na mashine yangu ya akiba, nzuri, nimeifufua kwa mikono yangu. Baadaye sana ndio tunajua kwamba mwajiri angeweza kuandika kwenye cheti cha udhamini kuwa atatugharamia mwezi wa kwanza na benki isingeulizwa. Mke wangu alikuja kuwauliza, wakamwambia mbona hukusema, tungeandika. Ile mashine naiona mpaka leo inapita mbele ya karakana kwenye boti ya mtu wa Matondoni, na inanguruma vizuri kweli.

Na ukikutana na ajenti anataka hela yako ati akutafutie hiyo kazi ya unesi, ondoka. Wenyewe Uingereza wanakataza muombaji kutozwa ada ya kutafutiwa kazi.

Karatasi zikague mapema, hasa sisi watu wa pwani. Ndoa ya msikitini na mashahidi wawili ni ndoa mbele ya Mungu, lakini afisa wa viza anataka cheti. Sisi tulikuwa nacho, shida jina la babangu lilikuwa na herufi moja zaidi kuliko kwenye kitambulisho. Herufi moja! Safari mbili za Mombasa, basi la alfajiri kutoka Mokowe, kwa ajili ya herufi moja.

Sasa nije kwenye lile nililotaka kumwambia yule kijana. Mtu akipata ofa nyumba nzima inapiga hesabu ya yule aliyeitwa, mshahara wake, cheo chake, baridi yake. Anayefuata hana mstari kwenye hiyo hesabu. Na siku mbaya kwake si ile ya uwanja wa ndege ambapo kila mtu analia na kukumbatiana, ni Jumanne moja tu isiyo na jina.

Yangu nitawaeleza. Yeye alitangulia Mei 2022, sisi tukafika Disemba. Jumanne ile watoto wameenda shule, mke yuko kazini, mie nimeosha vyombo, nimekunja nguo, nimekaza bawaba ya kabati la jikoni, natazama saa ni saa tatu asubuhi. Simu Lamu kila mtu yuko kazini. Nje mvua ile ya kwao isiyonyesha wala isiyoacha. Nikaichukua ile mashine ya kufagilia zulia, nzima kabisa haina ubaya wowote, nikaifungua yote, nikapanga skrubu juu ya gazeti kwa mpangilio kama nilivyofunzwa na ami, nikaisafisha, nikaifunga. Halafu nikaifungua tena. Maghrib kule Disemba inaingia kabla ya saa kumi jioni, kwa hivo mke wangu aliporudi nje giza na mie niko sakafuni na mota mkononi. Hakusema kitu. Akakaa chini na yunifomu yake, akawa ananipa skrubu moja moja mpaka nikamaliza. Usiku ule ndio tukaongea mara ya kwanza kuhusu mie, na tulikuwa tumeshaishi na ile ofa karibu mwaka mzima.

Kazi nilitafuta. Kila gereji wanauliza laisensi ya gari, na mie nimezaliwa mji ambao gari ilikuwa ni ya DC, mkuu wa wilaya, mengine yote punda na mashua. Ningekuwa na ya Kenya ningeendesha nayo mwaka mmoja kisha nifanye mtihani wao, mie hata hiyo sina, nikaanza moja, miaka thelathini na minane nafunzwa klachi na binti wa miaka ishirini na mbili. Nikafeli mara ya kwanza. Huku nikawa nafanya ghala, usiku, kupanga maboksi, na mwaka wa pili ndio gereji moja ikanichukua baada ya kuniona nikitengeneza mashine ya kukatia nyasi ya jirani. Kwa hivo ukijua unafuata, laisensi chukua huku mapema, hata kama unaishi kisiwani na watu watakucheka.

Pesa nazo. Ile namba ya kwenye barua sio itakayoingia mkononi, kuna kodi, kuna bima ya taifa, kuna pensheni, zote zinakatwa kabla hujaiona. Na nesi mgeni mpaka apasi mtihani wa vitendo wa OSCE analipwa daraja la chini. Kisha pango, kisha kodi ya baraza la mji, kisha moto wa kupashia nyumba. Na misaada mingi ya serikali mgeni wa viza hii haruhusiwi. Tunaishi, tunatuma nyumbani, alhamdulillahi, lakini mtu asiwadanganye kuwa mshahara mmoja unalea nyumba ya wanne kwa raha. Mume lazima afanye kazi, na kama kuna mtoto mdogo kumlipia wa kumlea kunaweza kula mshahara wa mmoja wenu, ndio maana sisi tulipishana, yeye mchana mie usiku, na kuna wiki tulionana mlangoni tu. Someni pia kile kifungu cha kurudisha gharama, kontrakti nyingi zinasema nesi akiacha kazi kabla ya muda fulani anarudisha pesa za tikiti na mitihani. Sisi hatukukisoma. Bahati tu hatukukihitaji.

Kutengana ile miezi saba kulitusaidia, alipasi OSCE bila mtoto wa kumuamsha usiku, akatafuta nyumba kwa utulivu. Isizidi hapo lakini, manake mdogo alianza kuiita simu mama.

Upweke siwezi kusema sana. Kuna mzee Muhindi mmoja ana duka mtaa wa Belgrave, siku moja naongea na mama kwa simu huku nachagua bamia, akaniambia kwa Kiswahili, "Hizo za jana, bwana, chukua za chini." Kumbe mtu wa Kampala, walifukuzwa na Amin 1972, akiwa kijana. Nilikaa kwenye lile duka saa nzima. Nilimuuliza kama alizoea, akanipimia bamia.

Mamangu siku naondoka aliniambia neno moja kwa Kiamu chetu, "Enda mwanangu, lakini guu moya uwate hapa," yaani mguu mmoja uuache hapa. Nilidhani ni machozi tu. Sasa naona ulikuwa ushauri mzuri kuliko wote niliopewa. Karakana sikuifunga, nilimwachia kijana wangu, analipa kodi na kunitumia kidogo ikibaki, na kila likizo ndefu ya shule watoto tukija nafanya kazi wiki sita. Kusi inavuma, boti zimepandishwa, mashine zinaletwa zimejaa chumvi, na hakuna anayeniuliza laisensi. Bila hii wiki sita nisingeweza zile arobaini na sita.

Na jambo tulilofanya kuchelewa, tuliandikiana. Karatasi ya kalenda, nyuma, kwamba kila Agosti tunakaa na yeyote anaweza kusema tosha bila mwenzake kumkumbusha alivyojitolea. Viza ya kwetu ilikuwa miaka mitano ndio unaomba ukaazi wa kudumu, na 2025 serikali yao ilitangaza inataka iwe kumi, kwa hivo Agosti hii maneno yalikuwa mengi. Tuliongea kwa simu, yeye alikuja wiki mbili akarudi mbele yetu. Yeye anasema tufike 2027 tuone. Mie nasema nitajibu mwakani. Hakukasirika, au alikasirika, shifti yake ilikuwa inaanza saa moja na nusu tukakata.

Yule kijana anarudi kesho. Nimemwambia barua ni ya mkewe na aliyekuja nimsomee ni yeye peke yake, safari hii waje wote wawili.